Kumchoma mtoto faktori nyumbani: kwa mzazi anayeanza

Mzazi mwenzangu, siku muuguzi aliponikabidhi sindano ya kipepeo (ile ndogo yenye mabawa na mrija mwembamba) nikamchome mwanangu mwenyewe nyumbani, mikono ilinitetemeka. Ana himofilia A. Damu yake ina upungufu wa faktori 8, protini inayosaidia damu kuganda, kwa hiyo haigandi inavyopaswa. Zamani goti likivimba usiku tulingoja kukuche ndipo twende kliniki, na saa zote hizo damu ilikuwa inavujia ndani ya kiungo.

Usianze peke yako. Choma mbele ya muuguzi mara nyingi, mpaka aridhike yeye. Kipimo hupangwa na daktari kwa kuangalia uzito wa mtoto na mahali panapovuja, hivyo akiongezeka kilo kipitiwe upya.

Mimi nilikosea kwenye kuchanganya. Dawa, yaani faktori yenyewe, huja ikiwa unga kichupani, pamoja na maji yake. Mara ya kwanza nikiwa peke yangu nilikitoa kichupa kwenye friji kikiwa baridi, nikatia maji, nikakitikisa kama dawa ya kikohozi. Kikajaa povu tupu! Faktori ni protini, ukiitikisa inaweza kuharibika. Siku hizi nakiacha mezani mpaka ubaridi uishe, nafuta kizibo kwa spiriti, nangoja kikauke, kisha nakizungusha taratibu viganjani hadi unga uyeyuke. Vikielea vipande, usichome. Ikishachanganywa hairudi kwenye friji. Aina nyingi huchomwa ndani ya saa 3, lakini fuata karatasi iliyomo kwenye boksi lako. Friji iwe nyuzi 2 hadi 8, na dawa ikiganda barafu ni ya kutupa.

Nawa mikono kwa sabuni. Sindano ikiingia mshipani na damu ikirudi mrijani, legeza mpira uliomfunga mkononi, ndipo usukume dawa polepole. Ngozi ikituna pale pale, umetoka nje ya mshipa; acha. Ukishachomoa, bonyeza dakika 5.

Akitoka upele, akabanwa kifua au akivimba uso, simamisha dawa mkimbilie hospitali. Akigonga kichwa, mchome kisha nendeni hospitali hapo hapo, hata kama anacheza. Na damu isipokoma baada ya dozi, waambie kliniki mapema, maana mwili huweza kutengeneza kingamwili zinazoipinga dawa.

Wangu huniambia, "Mama, panachemka," goti likiwa bado halijavimba. Sibishani naye, nafungua friji. Sindano naitumbukiza kwenye kisanduku kigumu bila kuirudishia kifuniko, na stika ya kichupa naibandika kwenye daftari, pembeni naandika tarehe, saa na kiungo.