Jibu: ulimi wa fremu ya kioo unacheza

Ndugu, umeuliza kwa nini ulimi (ncha ya mbao iliyochongwa nyembamba) wa fremu yako ya kioo unacheza kwenye tundu (shimo la mbao ya pili unamoingia). Nadhani ulianza kukata ulimi. Anza na tundu, kwa sababu upana wake unaamuliwa na patasi. Ulimi unaupunguza taratibu mpaka uingie kwa kusukuma na kiganja, si nyundo.

Unene wa ulimi uwe theluthi moja ya mbao. Kwa mbao ya unene wa milimita 20, patasi ya robo inchi inatosha. Miimo (mbao za wima zenye matundu) ikate mirefu kwa sentimita 2 kila ncha, ziada utaikata baada ya gundi kukauka. Ziada hiyo ni kwa sababu mbao ya mninga hupasuka pembeni ukichimba tundu karibu na ncha.

Halafu hapa Mtwara kuna unyevu wa bahari unaovimbisha mbao: kioo kiachie nafasi ya milimita 2 kila upande.