Je, Nimtilie Mtoto Dawa ya Macho ya Jirani?

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka 6 aliamka na jicho moja jekundu, na baada ya siku mbili la pili likafuata. Asubuhi kope zinagandamana kwa matongotongo, naye analalamika kana kwamba ameingiwa na mchanga. Jirani amenipa kichupa cha matone kilichomponya mwanawe, na bibi yake anataka tumwoshe kwa chai ya rangi. Nifuate lipi? – Mama, Tanga

JIBU: Mama, nakuomba usifuate hata moja. Wekundu unaoanza jicho moja ukahamia la pili, pamoja na machozi na hisia ya mchanga, mara nyingi huletwa na virusi, kama ilivyokuwa katika mlipuko wa macho mekundu Dar es Salaam mwanzoni mwa mwaka 2024; vya kawaida zaidi ni virusi viitwavyo adenovirusi. Virusi hivyo havina dawa ya kuviua. Jicho hupona lenyewe kwa wiki 1 hadi 2, pengine 3. Yamkini mtoto wa jirani aliponywa na siku, wala si matone.

Kinachonitia hofu zaidi ni kichupa chenyewe. Soma lebo yake: ukikuta deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, hiyo ni steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe. Huondoa wekundu upesi, na ndiyo maana hupendwa, lakini ikikuta jicho lenye virusi vya hepesi (vile viletavyo malengelenge mdomoni) huchochea kidonda kwenye kioo cha jicho, yaani sehemu angavu ya mbele, na kidonda hicho huacha kovu linaloziba nuru. Ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Aidha, ncha ya kichupa iliyogusa kope za mgonjwa mmoja hubeba vijidudu hadi kwa mwingine. Chai nayo, sawa na maziwa ya mama, huweza kuingiza bakteria mahali ambapo hawakuwapo.

Chemsha maji, yaache yapoe, chovya pamba safi, kisha futa kuanzia pembe ya puani kwenda nje. Kipande kimoja hupita mara moja tu na kutupwa. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada. Mtengee taulo na mto wake, na uache kumfuta kwa upindo wa kanga, kwa maana upindo huohuo ndio unaojifutia jasho wewe. Asiende shule maadamu macho yanatoa machozi na uchafu.

Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo akipata maumivu makali, akishindwa kutazama mwanga, akiona ukungu, au ukiona doa jeupe kwenye kioo cha jicho. Usaha mzito wa manjano unaojaa tena punde baada ya kufutwa huashiria bakteria, nao huhitaji antibiotiki atakayoandikiwa huko. Kichanga cha chini ya mwezi 1 mwenye macho mekundu au yenye usaha hangojewi hata saa chache.

Ikiwa matone ya jirani umekwisha kumtilia, acha leo, na uende na kichupa hicho kituoni ili mhudumu aone kilichomo.