Kabla ya upasuaji, uliza habari za vidonge

Mgonjwa wa upasuaji wa kupangwa huulizwa sukari, presha, mzio, na amekula saa ngapi. Habari za dawa za maumivu huja mwishoni, mwulizaji akiwa ameshafunga faili: "Hutumii dawa nyingine, siyo?" Ukiuliza hivyo, jibu umeshampa mwenyewe.

Mimi ni muuguzi, kazi yangu ni kuwaandaa wagonjwa kabla ya upasuaji. Huwa naanza na mfuko wa dawa. Namwomba mgonjwa aje na kila anachomeza, hata alichopewa na jirani, akimimine mezani. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri kubadilishiwa goti aliniambia anatumia "vidonge vya kawaida tu." Katikati ya dawa zake za presha zilikuwamo pakiti za tramadoli, nyingi zimeshaisha.

"Mama, hivi unameza vingapi kwa siku?"

"Inategemea, mwanangu. Goti likinikatalia, hata sita."

Hakuwa anaficha kitu. Kwake hiyo ilikuwa dawa ya goti, basi.

Tramadoli iko kundi moja na mofini na kodeini, yaani opioidi, dawa kali za maumivu ambazo mwili huzizoea na zinaweza kuleta uraibu. Aliyezoea dawa hizi, dozi inayomtuliza mwenzake yeye huenda isimguse. Akilazwa bila historia hiyo kuandikwa, ataomba dawa kila mara na wodini ataitwa msumbufu. Akikatiwa ghafla atatoka jasho, ataharisha, atakosa usingizi, na watu waanze kutafuta tatizo kwenye kidonda.

Lakini usiishie kwa wanaotumia tayari. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 uliwafuatilia watu ambao hawakuwa wakitumia opioidi kabla ya upasuaji. Karibu asilimia 6 walikuwa bado wanachukua dawa hizo zaidi ya siku 90 baadaye, na waliofanyiwa upasuaji mdogo hawakupishana sana na wa mkubwa. Kilichowatofautisha zaidi ni mambo ya mtu mwenyewe: sigara, pombe, uraibu wa nyuma, sonona, wasiwasi, maumivu sugu ya kabla. Kwa hiyo hata anayekuja kwa ngiri ndogo naye namuuliza.

Kuna fomu fupi ya Lynn Webster, daktari wa maumivu wa Marekani, ya mwaka 2005, inayopima hatari ya mgonjwa kutumia opioidi vibaya na kutoa alama, 0 hadi 3 hatari ndogo, 8 na kuendelea hatari kubwa. Maswali yake nayapenda, hasa la uraibu katika familia. Alama zake siziamini sana kwa mgonjwa wa upasuaji, maana fomu ilitengenezwa kwa wenye maumivu sugu.

Uliza ndugu wakiwa nje. Mbele ya mkwe wake, hakuna mtu atakayekwambia anakunywa pombe kiasi gani. Na mweleze mapema kwa nini unauliza: daktari wa usingizi anataka kupanga dawa itakayomtosha, na hakuna atakayemnyima dawa kwa sababu ya jibu lake. Usisahau vidonge vya usingizi kama diazepamu, wala kukoroma kunakokatisha pumzi. Vikikutana na opioidi, mtu anaweza kuacha kupumua usiku. Anayetumia methadoni au buprenofini, dawa za kutibu uraibu wa opioidi, asiache mwenyewe kwa hofu ya upasuaji. Daktari wa usingizi ajue, waamue pamoja.

Ukishagundua hatari, andika mpango. Alama nyekundu kwenye faili peke yake haisaidii mtu. Ganzi ya neva, yaani sindano ya kufisha maumivu ya sehemu inayopasuliwa tu, pale inapowezekana. Parasetamoli kwa saa zake, na ibuprofeni kama figo na tumbo vinaruhusu, zisisubiri mpaka maumivu yapande. Opioidi iwe ya kujazia, kwa siku chache, iandikwe na daktari mmoja anayejulikana. Mgonjwa atoke akijua atapunguza vipi, atampigia nani maumivu yakizidi, na kwamba vidonge vitakavyobaki virudishwe famasi, visikae kabatini.