Bwawa la mafuriko liache likae tupu

Kuna kosa ambalo nimelishiriki kwa mikono yangu mwenyewe, na nikipita mashambani huku Kisauni naona bado linarudiwa. Watu wanajenga tuta la udongo ili kuzuia mafuriko, kisha ukame ukibana wanaligeuza kuwa tangi la kuhifadhia maji. Naandika haya kwa yeyote mwenye tuta kama letu, au anayetaka kujenga kabla ya masika.

Shamba letu liko bondeni, Mwakirunge. Mtu akitajiwa Mombasa hufikiria feri na Mji wa Kale, lakini upande huu kuna mihogo, minazi, mbuzi, na vilima ambavyo mvua ikinyesha huteremsha maji yote kwenye korongo moja. Zamani maji hayo yalikuwa yakiingia hadi uani kwa bibi. Tukachanga na majirani, tukainua tuta la kimo cha mita 3 hivi, na chini yake tukalaza bomba la inchi 6. Bomba halikuwekwa koki, na hiyo ilikuwa makusudi: mvua kubwa ikija, maji yanasimama nyuma ya tuta na kutoka polepole, na baada ya siku moja mbili bwawa ni tupu, tayari kwa mvua nyingine.

Ukaja ukame wa 2022. Masika ya mwaka uliofuata yaliponyesha, hakuna aliyetaka kuona hata tone likienda baharini. Tukaziba bomba kwa kigogo na gunia. Pembeni, kwenye njia ya maji ya ziada, tukapanga magunia ya mchanga ili bwawa lijae zaidi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyafunga midomo. Sukumawiki na mchicha vilistawi, mbuzi wakanywa, tukajisifu.

Vuli ya 2023 mvua za El Niño zikaikuta Pwani, na bwawa letu lilikuwa limejaa tangu zamani. Fanya hesabu hii nami: milimita 1 ya mvua juu ya hekta 1 ni lita 10,000. Bonde likiwa la hekta 10 na mvua ikawa milimita 50, hizo ni lita milioni 5. Hata ardhi ikinywa nusu, nusu ya pili inakuja kwako usiku huohuo. Itakaa wapi?

Usiku huo tulisimama juu ya tuta na tochi. Maji yalikuwa yamebakisha shubiri moja. Pale mbuzi wanapozoea kuvuka, udongo ulikuwa umeliwa na kwato zao, na hapo ndipo maji yalipoanza kumwagika. Mwanzo ulikuwa utepe mwembamba kama wa maji ya kuoshea vyombo. Kabla hatujamaliza kuitana, ulikuwa umeshachimba mgongo wa tuta hadi goti langu likazama. Tuta la udongo likipitiwa juu, hukatwa kwa nyuma kuelekea ndani, na ukishaona linakatwa dakika zako ni chache. Tulikimbilia magunia tuliyoyapanga wenyewe tukayang'oa moja moja, maji yakapata njia yake ya pembeni, na kiwango kikaanza kushuka. Tulipoteza matuta mawili ya mboga. Solai, kaunti ya Nakuru, tuta la udongo lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na likaua watu zaidi ya 40. Lile lilikuwa kubwa kuliko letu mara nyingi, lakini chini ya letu pia kuna nyumba zenye watoto waliolala.

Kwa hivyo la kwanza: njia ya maji ya ziada isiguswe. Ichimbwe pembeni kwenye ardhi ya asili, isipite juu ya udongo mliojaza, iwe pana, na sakafu yake iwe chini ya kilele cha tuta kwa angalau mita moja. Mkitaka maji ya kiangazi, chimbeni kisima au bwawa jingine kando. Bwawa moja haliwezi kufanya kazi zote mbili, mpaka lijengwe na mhandisi kwa nia hiyo tangu mwanzo.

La pili nilifundishwa na ami yangu. Chini ya mgongo wa tuta palikuwa na unyevunyevu, na mimi nilitaka kupaziba kwa udongo. Akanikatalia. Akateka maji yale kwa bilauri, akaiinua juani.

"Yana rangi gani, mwanangu?"

"Meupe, ami."

"Basi yaache yatoke. Yakija rangi ya chai ya maziwa, niite hata usiku wa manane."

Maji safi yanajichuja tu ndani ya udongo. Maji ya matope yanabeba tuta lenyewe, punje kwa punje, na ndani kunachimbika tundu. Hapo usizibe kwa mfinyanzi, maana yatatafuta pengine pa kutokea. Mwaga mchanga juu yake, kisha kokoto juu ya mchanga, ili maji yapite na udongo ubaki. Punguza maji ya bwawa upesi, na walioko chini waondoke kwanza.

Kuhusu ujenzi, udongo wetu wa Pwani mara nyingi ni mchanga, kwa hivyo tafuteni mfinyanzi kwa ajili ya moyo wa tuta, mwagieni maji kidogo, mshindilie kwa tabaka za shubiri moja. Ukimwagwa wote kwa siku moja utashuka. Pandeni ukoka juu yake. Mkilifi au mti wowote usioteshwe hapo, mizizi ikioza inaacha mashimo. Panya na mchwa waangaliwe pia. Kibali hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Kiombeni kabla ya jembe la kwanza, kwani ndipo mtaalamu atakapoliona eneo.

Sisi sasa kila mwisho wa Machi, na tena Oktoba ikikaribia, tunashuka na panga na majembe. Tunasafisha mdomo wa bomba, tunajaza pale walipopita mbuzi, tunapima kilele kwa kamba. Bilauri ya ami inakaa kwenye dirisha la bibi, na mvua ikipusa asubuhi, yeyote aliyeamka kwanza huichukua akateremka nayo.