Maswali ya wasomaji: Tumpeleke mzee Mosi-oa-Tunya mwezi gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Kamalondo hapa Lubumbashi. Baba yangu ni fundi mstaafu wa garimoshi, na tangu tukiwa wadogo ametusimulia habari za daraja la reli lililo mbele ya Maporomoko ya Victoria, yaani Mosi-oa-Tunya, ambalo hajapata kuliona kwa macho yake. Mwaka huu ndugu zangu nami tumechanga fedha ili tumpeleke wakati wa likizo kubwa ya watoto. Lakini shemeji yangu alikwenda mwezi wa kumi akakuta mwamba mtupu, na jirani yangu aliyekwenda mwezi wa nne anasema hakuona kitu ila ukungu. Nimwamini nani? Tukae upande wa Zambia au tuvuke hadi Zimbabwe? Na mzee wa miaka 73 mwenye maumivu ya magoti atapata nini cha kutazama mbali na maji?
— Mama wa Kamalondo

JIBU: Mama, waamini wote wawili. Shemeji yako na jirani yako waliutazama mto mmoja katika miezi isiyofanana hata kidogo. Mimi nimefika pale mara tatu, na mara ya kwanza, mwishoni mwa Oktoba, nilisimama upande wa Zambia nikitazama ukuta mkavu wa mawe meusi, ndege wakipita mbele yake pale nilipotarajia kuona maji. Nilikuwa nimejiwekea akiba mwaka mzima kwa ajili ya safari ile, na jioni hiyo sikuwa na hamu hata ya kula. Kwa hiyo ninakusihi ulishike neno hili kabla ya mengine yote: chagueni mwezi kwanza, ndipo mfikirie upande, basi na mahali pa kulala.

Mto Zambezi unaanzia wilaya ya Ikelenge, kaskazini-magharibi mwa Zambia, karibu sana na mpaka wa nchi yetu. Mvua ya kule ni ndugu ya mvua yetu ya Katanga, inayokoma kati ya Machi na Aprili, na mtu angedhani kwamba maporomoko nayo hujaa mvua inaponyesha kwa wingi. Sivyo. Kabla ya kufika Livingstone, mji wa Zambia ulio jirani na maporomoko, maji hutandaa kwanza katika uwanda mpana wa Barotse, ambako Walozi humsindikiza mfalme wao kwa mitumbwi kuhamia nchi ya juu katika sherehe yao ya Kuomboka, na uwanda huo huyashika maji kwa majuma mengi kabla ya kuyaachia polepole. Ndiyo maana kilele cha maji huonekana Aprili na Mei, mvua ikiwa imekwisha kuondoka, na kina cha chini kabisa huja Oktoba na Novemba.

Wakati wa kilele, pazia la maji lenye upana wa mita 1,708 huanguka kimo cha mita 108 ndani ya ufa mwembamba, na kwa kuwa mvuke hauna pa kwenda hupanda juu zaidi ya mita 400, kisha hurudi chini kama mvua. Jirani yako alisimama ndani ya mvua hiyo. Nami nilisimama humo mwezi wa nne, katika safari yangu ya pili, juu ya daraja dogo la waenda kwa miguu la upande wa Zambia: matone yalikuwa yakipanda kutoka chini na kuniingia mikononi mwa shati, mlio wa maji ulikuwa ukitetemesha chuma nilichoshikilia, na paspoti niliyoificha katika mfuko wa ndani wa koti ilitoka ikiwa na muhuri wa Kasumbalesa, mpakani mwetu na Zambia, uliogeuka doa la buluu. Sikuona maporomoko, lakini nilielewa kwa nini Wakololo waliyaita Mosi-oa-Tunya, jina ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili hatuhitaji mkalimani ili kusikia neno «moshi» ndani yake: moshi unaonguruma.

Basi, kwa kuwa likizo ya shule zetu huanza mwanzoni mwa Julai, nendeni mara moja, katika nusu ya kwanza ya mwezi huo, wala msingoje mwisho wa Agosti. Wakati huo maji bado ni mengi pande zote mbili, na mvuke umepungua kiasi cha kumwezesha mtu kuona mwamba, povu na upinde wa mvua kwa pamoja. Mkiweza kupanga safari iangukie usiku wa mwezi mpevu, hifadhi hufunguliwa usiku, na mwanga wa mwezi wenyewe huchora upinde mweupe juu ya mvuke. Chukueni makoti mazito, kwa maana baridi ya alfajiri ya Julai katika bonde lile haitofautiani na ile ya Lubumbashi.

Kuhusu pande mbili, mkienda Julai hamtakosea popote. Upande wa Zambia unakusogeza karibu mno na maji, lakini ukingo wake wa mwamba uko juu zaidi, na ndiyo sababu hukauka wa kwanza, kama alivyoona shemeji yako. Upande wa Zimbabwe ndio unaoonyesha uso wa maporomoko kwa mapana, na mkondo wake wa magharibi haukatiki mwaka mzima. Kwa magoti ya mzee ningechagua siku moja ya Zimbabwe, kwa sababu njia yake ndani ya msitu ni tambarare na ina sehemu nyingi za kusimama na kutazama. Ile njia ya ngazi upande wa Zambia, inayoteremka hadi mahali maji yanapozunguka kama chungu kinachochemka, waachieni vijana. Tena mfiche chakula: nyani wa pale wanatambua mlio wa mfuko wa plastiki hata ukiwa ndani ya kikapu, na mmoja alimnyang'anya mtoto mkate mbele yangu kabla mama yake hajageuka.

Sasa nije kwa mzee, maana swali lako juu yake ndilo lililonigusa kuliko mengine. Daraja analolisimulia lilifunguliwa mwaka 1905. Lina urefu wa mita 198, na liko mita 128 juu ya mto. Cecil Rhodes, aliyefariki mwaka 1902 bila kuliona, ndiye aliyetaka lijengwe karibu na maporomoko ili matone ya maji yaguse mabehewa yanapopita. Reli hiyo hiyo iliendelea kaskazini, ikafika Kabwe mwaka 1906 na Ndola mwaka 1909, ikavuka mpaka Sakania, na mwaka 1910 ikaingia Élisabethville, yaani mji wetu huu ulipokuwa unazaliwa. Shaba ya Katanga ilipita juu ya chuma kile ikielekea bandari ya Beira. Mpelekeni asimame katikati ya daraja. Anaweza kufika hapo kutoka upande wa Zambia kwa kikaratasi cha ruhusa kinachotolewa mpakani, bila kuingia Zimbabwe. Mwacheni akae hapo kadiri apendavyo, awaeleze wajukuu jinsi uzito wa treni unavyogawanywa na tao la chuma. Siku inayofuata mpelekeni kwenye makumbusho ya reli mjini Livingstone, kwenye vichwa vya treni za mvuke, ambako nadhani yeye ndiye atakayekuwa mwongozaji wenu.

Watoto watafurahia hifadhi ya Mosi-oa-Tunya, ambayo ni ndogo, kilomita za mraba 66 tu, lakini ina twiga, pundamilia na vifaru weupe wanaolindwa na askari wenye silaha. Makumbusho ya Livingstone, kongwe kuliko yote Zambia, yanatosha asubuhi moja.

Safari yenyewe ni ndefu. Kutoka Lusaka hadi Livingstone pekee ni karibu kilomita 480, kwa hiyo mzee alale Lusaka usiku mmoja kwenda na usiku mmoja kurudi. Kila mtu awe na kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano, na masharti ya viza yaulizeni mapema, mkieleza wazi kwamba mtatoka Zambia na kuingia tena. Ng'ambo ya Kasumbalesa magari hushika mkono wa kushoto. Wafundisheni watoto kutazama kulia kwanza wanapovuka barabara. Chakula hakitawasumbua, kwa maana nshima ni bukari yetu, yaani ugali.

SWALI: Kwa nini tutumie dola zetu nchi za watu, ilhali tuna Lofoi hapa Katanga?
— Msomaji wa Likasi

JIBU: Ndugu, una haki ya kuuliza. Maporomoko ya Lofoi, katika Hifadhi ya Kundelungu iliyoanzishwa mwaka 1970, yanaanguka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja, karibu mara tatu ya kimo cha Mosi-oa-Tunya, na ni miongoni mwa marefu kuliko yote Afrika. Lakini Lofoi ni mto mdogo, nao hupungua sana mwishoni mwa kiangazi, hivyo shauri la mwezi linakuhusu wewe pia: nenda Mei au Juni, barabara ikiwa imeanza kukauka na maji yakiwa bado yapo, kwa gari la juu na dereva anayeijua njia. Maji utakayoyaona huko yanaingia Lufira, kisha Lualaba, hadi Atlantiki, ilhali yale ya Mama wa Kamalondo yanakwenda Bahari ya Hindi.