Kikasha cha sindano cha bibi: limao weka mbali kwanza

Swali: Bibi yangu ameniachia kikasha cha shaba cha kuwekea sindano. Kimeandikwa W. Avery & Son, Redditch, na kuna alama ndogo kama uru la karata, ndani yake vijiherufi, mojawapo X. Jamaa mmoja anayeuza vitu vya kale Mji wa Kale akaniambia hiyo ni patenti ya 1842, nikisugue kwa limao na chumvi mpaka king'ae halafu nimpelekee. Nifanye hivyo? Msomaji, Mombasa

Jibu: Usikisugue dada yangu, nakuomba. Na huyo jamaa muulize hiyo X ameiona upande gani wa alama, maana hapo ndipo penye jibu lote na watu wanapita tu.

Hilo uru ni alama ya usajili wa miundo ya Uingereza, na lilitumika 1842 mpaka 1883. Kileleni kuna kiduara chenye namba ya kirumi, I maana yake kitu cha chuma au madini mengine, na katikati utaona Rd, kifupi cha Registered, yaani imesajiliwa. Mpaka 1867 herufi ya mwaka ilikaa juu, chini ya kile kiduara. Kuanzia 1868 ikahamia kona ya kulia, na zile herufi zikaanza kutumika upya. Kwa hiyo X ya juu ni 1842, X ya kulia ni 1868, tofauti miaka 26. Vikasha vya Avery, watengeneza sindano wa mji wa Redditch, Uingereza, vya aina hii ni vya kuanzia huko mwisho wa miaka ya 1860, basi mimi ningeangalia kulia kwanza.

Halafu hiyo si patenti. Patenti inalinda namna kitu kinavyofanya kazi, alama hii inalinda sura yake. Na tarehe yake ni siku muundo uliposajiliwa, si siku kikasha chako kilipotengenezwa, kiwanda kiliweza kuendelea kugonga muundo huohuo miaka na miaka. Ukishaisoma vizuri, siku, mwezi, mwaka na namba ya furushi (namba ya usajili ya siku hiyo), unaweza kufuatilia kwenye nyaraka za taifa za Uingereza kule Kew, London, michoro iko kwenye fungu la nyaraka BT 43 na madaftari ya majina BT 44. Kuanzia 1884 wakaacha uru wakaandika Rd No. na namba za kufuatana.

Sasa hili la limao, hili ndilo linaniuma kila nikiletewa kitu. Vikasha hivi ni bati jembamba la shaba lililogongwa kwa muhuri, maandishi yake hayana kina. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na tindikali ya limao inakula zinki kwanza, ndio maana kinatoka na mabaka ya rangi ya waridi na wenye kukisugua wanadhani kimetakata! Chumvi nayo inakwaruza. Ukimaliza, X haijulikani X au K, na alama ikishafutika hakuna app ya simu itakayoirudisha. Nishaona sinia, buli, hata makufuli ya milango ya zamani, yote yamesuguliwa mpaka maua yake yamelala, mwenyewe anakuja kwa furaha kuuliza bei. Wauzaji wanaokwambia king'ae ndio kiuzike wanataka kiuzike leo, alama ikifutika si hasara yao.

Wewe chukua kitambaa laini kikavu ufute vumbi, basi. Usiku zima taa, mulika tochi ya simu kutoka ubavuni si moja kwa moja, herufi zitatoa kivuli, piga picha karibu. Fungua polepole, kama ni kile kinachoitwa Quadruple Golden Casket ndani kuna nafasi nne za sindano namba 6 mpaka 9, na kama bado kuna karatasi za sindano usizitupe hata kama zimekula kutu. Nitumie picha ya alama, niambie na X iko wapi.