Maswali na majibu: gari la juu, gari la chini, na anayekaa nyuma

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu ambao hela wanayo tayari na sasa wanabishana nyumbani. Mafuta na ushuru tuyaweke kando, leo ni nafasi na viti tu. Gari la juu hapa ni aina ya Harrier na RAV4, la chini ni aina ya Mark X na Premio.

Mume wangu anataka Harrier, mimi nataka Mark X. Hoja yake ni moja: gari la juu lina nafasi zaidi. Ni kweli? (Tabata)

Inategemea nafasi ipi, dada. Kwa kichwa, shemeji kashinda: Harrier iliyotoka 2013 ina kimo cha milimita 1,690, Mark X iliyotoka 2009 ina 1,435. Hiyo ni sentimita 25 na ushee. Lakini magoti hayakai darini. Nafasi ya miguu inategemea zaidi urefu wa kati ya tairi la mbele na la nyuma, na hapo Harrier ina 2,660, Mark X 2,850. Hata Premio, ambayo vijana wanaicheka kuwa gari la mstaafu, ina 2,700.

Usikimbilie kumwonyesha namba hizo, maana hazimalizi ubishi. Injini ya Mark X imelala kwa urefu wa gari ili kupeleka nguvu tairi za nyuma, kwa hiyo sehemu ya urefu ule inaishia chini ya boneti. Ya Harrier imekaa kwa upana, haili sana kabini. Halafu kuna namna ya kukaa. Kwenye gari la juu unakaa kama kwenye kiti cha mezani: magoti yanakunjwa, miguu inashuka, nafasi fupi inatosha na mapaja yanalala vizuri kitini. Kwenye gari la chini miguu inakwenda mbele, na urefu ukikosekana magoti yananyanyuka, uzito wote unabaki makalioni. Ndiyo maana abiria anaanza kujigeuzageuza kabla hamjafika Chalinze.

Nendeni yadi pamoja. Mwenye miguu mirefu akae kwenye usukani, aweke kiti anavyokitaka, kisha ahamie nyuma ya kiti hicho hicho bila kukisogeza. Atazame magoti, na aone kama nyayo zinaingia chini ya kiti cha mbele. Kama gari lina kioo cha paa kinachofunguka, achunguze na kichwa pia, maana kioo hicho hula kimo cha ndani. Mkiwa watu wanne na barabara zenu ni za lami, mimi niko upande wako.

Shikamoo. Mama yangu magoti yanamsumbua, kila akishuka kwenye gari langu dogo lazima avutwe mkono. Nibadilishe? (Tanga)

Marahaba. Kama uwezo upo, badilisha. Kinachomuumiza ni kujidondosha kitini na kujinyanyua. RAV4, X-Trail au Forester, kiti chake kinakaribia usawa wa makalio ya mtu mzima, anakaa kwanza kisha anageuza miguu kuingia.

Ila usivuke kipimo ukamletea Prado. Lile limejengwa juu ya chesisi, yaani fremu ya chuma, sakafu iko juu, na mama mfupi atalipanda kwa kushika mpini na kukanyaga ngazi. Hilo ni zoezi jingine kwa goti lile lile. Msimamishe ubavuni mwa gari, mlango wazi: kiti kikimfika chini kidogo ya makalio, ndilo lake.

Asubuhi tunatoka Mbezi kwenda Posta, nyuma watu wazima watatu. Premio au RAV4? (Mbezi)

RAV4. Premio ina upana wa milimita 1,695 kwa sababu Japani gari likizidi 1,700 linahama daraja la usajili, na watengenezaji wakabana hapo hapo. RAV4 ya kizazi cha tatu ina 1,815. Sentimita 12 ukizigawa kwa mabega ya watu watatu, anayezijua thamani yake ni yule wa katikati.

Na huyo wa katikati mwonee huruma zaidi kwenye Mark X na Crown. Propela, ule mhimili unaopeleka nguvu tairi za nyuma, inapita chini, sakafu imenyanyuka, anakaa ametanua miguu njia nzima. Forester nayo ina tuta hilo, pamoja na ujuu wake wote.

Vanguard ya siti saba, watu wazima saba wanaenea? (Dodoma)

Hapana. Mbili za mwisho ni za watoto, na ukizisimamisha buti linaisha.

Nimetoka kwenye Premio nikachukua Harrier nikitegemea raha. Mbona safari ya Dar hadi Mbeya mgongo unauma kuliko zamani? (Mbeya)

Anza na tairi. Harrier zilizokuja na rimu ya inchi 18 huvaa 235/55, za inchi 17 huvaa 225/65. Ya pili ina ukuta mrefu zaidi wa mpira, inameza mashimo vizuri zaidi. Kisha upepo: kipimo kimeandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, wala usimwachie kijana wa gereji akadirie. Shokapu nazo zikaguliwe.

Lingine halina dawa. Ukikaa juu, gari likiyumba kichwa chako kinasafiri mbali zaidi, na kona za Kitonga utazisikia kiunoni. Sukuma makalio hadi mwisho wa kiti, legeza mgongo wa kiti kidogo tu, na hiyo pochi iliyojaa risiti itoe mfuko wa nyuma.

Napeleka keki kwa wateja. Gari gani? (Arusha)

La juu. Buti la gari la chini limetengwa na kabini, kiyoyozi hakilifikii sawasawa, na krimu haina subira. Kama ungekuwa unauza dagaa ningejibu kinyume, kwa sababu hiyo hiyo. Ukibeba vitu vingine usivipange kupita mgongo wa siti ya nyuma, ukifunga breki ghafla vitawafuata abiria.

Kava nene za siti zinaongeza starehe? (Kigamboni)

Mara nyingi zinaongeza joto. Kabla ya kuvalisha, tazama ubavu wa siti za mbele upande wa mlango. Ukiona kitambulisho cha SRS AIRBAG, mfuko wa hewa umo humo ndani ya siti na unatokea pale pale, kwa hiyo kava lisilo na nafasi upande huo usilivalishe.